Haki ya Walio Bondeni

Wanazuoni wa dini, tangu zama za kale, wamezigawa dhambi za mja katika mafungu mawili: zile zilizo baina yake na Mola wake, ambazo mlango wa toba yake ni kujuta, kuacha na kuazimia kutorudia, na zile zilizo baina yake na waja wenziwe, ambazo hazifutiki kwa machozi wala kwa sala za usiku mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake, au aisamehe kwa ridhaa ya moyo wake. Mgawanyo huu ni mwepesi kuutumia pale mwizi anapomjua aliyemwibia na msengenyaji anapomjua aliyemsengenya, kwa kuwa kilichobaki ni kuishinda haya, kubisha hodi na kuomba radhi. Mashaka yake huanza pale mtu alipotenda dhuluma asijue amemdhulumu nani, wala wangapi, wala lini madhara yatawafika. Nami sijaona mahali palipoliweka swali hilo wazi zaidi kuliko ukingo wa mto uteremkao kutoka milima ya Uluguru kupitia Mlali, wakati wa msimu wa nyanya.

Mlali ni kata ya wilaya ya Mvomero, chini ya miteremko ya magharibi ya milima hiyo, na msafiri atokaye Morogoro huifikia kwa kuiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, akapita Mzumbe na chuo kikuu chake, kabla njia haijaanza kupanda kwenda Mgeta, nchi ya kabichi, njegere na baridi. Mlali yenyewe haina baridi hiyo. Ina joto la bonde, udongo mwema na maji, na kwa hivyo ina nyanya. Lakini jambo la kulitia maanani katika mas'ala yetu si kile kiotacho Mlali, bali ni kule yaendako maji yake. Mto Mlali huingia katika Bwawa la Mindu, pamoja na Ngerengere, Mzinga na vijito vingine, na bwawa hilo, lililojengwa katika miaka ya 1980, ndilo linalounywesha mji wa Morogoro kwa sehemu kubwa. Yakitoka Mindu, maji hayo huushika mkondo wa Ngerengere, yakapita kando ya mji na viwanda vyake, yakakata nchi ya mkonge, mpaka yakakutana na Ruvu. Na Ruvu, kama ajuavyo kila mkazi wa Dar es Salaam aliyepata kukaa na ndoo tupu wakati wa kiangazi, ndio mto uubebao mji ule. Basi mtu asimamaye Mlali na kitu cha kutupa mkononi, hata akitazama huku na huku akaona hakuna mtu, hayuko peke yake abadan: chini yake bondeni wamejipanga watu kwa mamia ya maelfu, na baada yao kwa mamilioni, wenye vikombe mikononi.

Tuitazame chupa moja ya dawa ya wadudu. Mkulima huja na bomba lake mgongoni, hulitua kijitoni kwa kuwa ndipo maji yalipo, hupima dawa kwa kizibo, kimoja au viwili, na akihofia wadudu sugu huongeza cha tatu pasipo kumwuliza bwana shamba, hukoroga kwa kijiti, akafunga, akajitwika. Na chupa ikiwa imekwisha huachwa papo hapo alipochutama, kizibo upande wake na chupa upande wake, majani yakaifunika nusu, mpaka mvua ya kwanza ije kuisukuma. Ndani yake mmesalia kitu cheupe kilichogandamana na kitako, hakijai hata kijiko. Maelekezo yaliyobandikwa ubavuni, kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma bila miwani na kijana hana subira ya kuzisoma, husema kwamba chupa isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba yakapigwe shambani, kisha itobolewe asije mtu akaitia mafuta ya kula au maziwa ya mtoto. Mara tatu: ndiyo idadi ambayo mkulima huyo huyo, ikiwa ni Mwislamu, ameosha viganja vyake, uso wake na mikono yake alfajiri ile kabla hajashika jembe, na lau asingeikamilisha angehisi udhu wake umepungua. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Nasema kwamba mafunzo ya tohara yamemfika mtu yule kwa ukamilifu mkubwa katika kila kitu kigusacho mwili wake, na yakakoma ghafula pale alipoanza kugusa mwili wa mwenziwe, ilhali waalimu wake wote, wa chuoni na wa serikali, walikuwapo.

Akiulizwa, atajibu jawabu ambalo wengi wetu tungelijibu: chupa moja ina nini? Na kwa kweli chupa moja haina kitu. Bwawa ni kubwa, mto ni mrefu, na yakini hapana mtu Morogoro atakayeumwa tumbo kwa sababu ya chupa yake hiyo; wala akiizuia, hapana atakayepona. Huu si ujinga bali ni hoja, na ni hoja iliyowashughulisha watu wenye akili kubwa. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, alipoijadili katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliwafikiria watu 10,000 waliolala jangwani kwa kiu, na wengine 10,000 waliokuwa na maji, kila mmoja painti moja, wakaambiwa wayamimine katika pipa moja la kukokotwa litakalogawiwa sawasawa kwa wenye kiu. Painti ya mtu mmoja, ikigawanywa kwa watu 10,000, ni tone ambalo ulimi hauwezi kulihisi. Na hata hivyo hapana mtu timamu atakayesema kwamba mwenye painti ile ana ruhusa ya kuimwaga mchangani kwa kuwa haimfai mtu. Parfit alihukumu kwamba kosa letu ni katika hesabu: tunauliza kitendo changu peke yake kimeleta nini, na huku kitendo hicho hakikuwa peke yake hata siku moja. Ukiigeuza hadithi yake, ukaweka dawa mahali pa maji na bwawa mahali pa pipa, umefika Mlali.

Dini zilikuwa zimekwisha kufika huko kabla yake, kwa njia fupi. Katika hadithi za Mtume zilizosahihishwa na Bukhari imo ile ya abiria waliopiga kura ya mahali pa kukaa chomboni, wengine wakapata juu na wengine chini. Na wale wa chini, kwa kuchoka kupanda kila mara kuteka maji na kuwasumbua wa juu, wakawaza kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wakiachwa, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Mtu husikia hadithi hii msikitini tangu utotoni, na aghalabu hufundishwa kama hadithi ya kukatazana maovu kwa jumla. Walakini mimi hunivutia zaidi jambo dogo lililomo, kwamba wale watobozi hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walitaka kuwaondolea wenzao usumbufu, na walitaka kufanya hivyo katika fungu lao, si la mtu mwingine. Uluguru chombo kimepinduliwa: wenye kushika tundu ni wa juu, na maji yaingiapo hayawafiki wao. Hadithi inamtegemea mtobozi aogope kuzama pamoja na wenziwe. Mkulima wa Mlali hazami. Hapo ndipo woga unapoishia kama mwalimu wa maadili, na ndipo serikali, au imani, au vyote viwili, hulazimika kuingia.

Chupa za dawa si taka peke yake, wala wakulima si watupaji peke yao. Kila kituo cha njiani kilichopata kukua ghafula kwa biashara ya mboga kina taka zake: majani makavu ya migomba yaliyotandikwa katika matenga, nyanya zilizopondeka ambazo dalali amezikataa, viroba vilivyochanika, na siku hizi pampasi, ambazo ndizo zinazotupwa kwa siri kuliko vyote, usiku, ndani ya mfuko uliofungwa fundo, mtaroni au korongoni, kwa kuwa mama wa mtoto anaona haya kuziweka mbele ya macho ya jirani. Na ipo taka isiyozaliwa kijijini, ile inayoletwa kwa pikipiki au kwa pikapu kutoka kwenye nyumba na karakana za mahali pengine, ikamwagwa kandoni mwa barabara penye kichaka, na asubuhi wenyeji wakaamka nayo kama mgeni asiyebisha hodi. Sheria za kuyakataza haya zipo, wala si chache. Iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, inayolinda mita 60 za ukingo wa mto, na inayozipa serikali za mitaa dhima ya taka ngumu. Iko Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Lilikuja katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019, ambalo kwa haki lazima tuseme lilifaulu kuliko tulivyodhani. Na chini ya hizo ziko sheria ndogo za halmashauri na za vijiji, zenye faini, zinazosimamiwa na mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, na mgambo wawili au watatu wenye baiskeli moja.

Sasa na tuchukulie kwamba mgambo hao wamemkuta mama mmoja, alfajiri, na mfuko wake korongoni, wakampeleka ofisini.

"Mama, kosa unalijua. Utalipa faini."

"Nalijua, baba, wala sikatai. Lakini nawe nionyeshe pa kutupa, nikakutupie hapo hapo."

Mtendaji akikaa kimya, na mara nyingi hana budi kukaa kimya, basi mas'ala yamegeuka. Kwa maana ni kanuni ya wanazuoni, nayo imesimama juu ya aya ambayo hata mtoto wa chuo anaijua, kwamba mja hakalifishwi lisilo katika uwezo wake. Amri ya kutotupa hapa ni nusu ya amri. Nusu yake ya pili ni kutupa pale, na pale pasipokuwapo, aliyeamrishwa amebaki na taka mkononi mwake, wala mkono wa mwanadamu haukuumbwa kushika taka milele. Sisemi kwamba mama yule hana hatia: korongo lina maji, naye alijua lina maji. Nasema kwamba hatia ile ina washirika wawili, na mmoja wao ndiye aliyekaa nyuma ya meza akiandika risiti.

Al-Mawardi, kadhi aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliyeeleza kazi za muhtasib, yule mwangalizi wa masoko, vipimo, njia na maji ya mji, aliliweka jambo hili kwa utaratibu ambao ningependa kila diwani ausome. Mji ukikosa maji ya kunywa, au kuta zake zikibomoka, asema, itazamwe kwanza hazina: ikiwa baitulmali ina mali, matengenezo yatatoka humo, na wenyeji hawana la kulaumiwa, ikiwa haina, ndipo dhima inapowaangukia wenyeji wenye uwezo, wote kwa pamoja na si mmoja wao aliyeteuliwa. Utaratibu huo ni wa haki kwa kuwa unamwanza mwenye kukusanya kabla ya mwenye kukusanywa. Na kwetu wenye kukusanya wanajulikana. Gari la nyanya halitoki katika bonde lolote la nchi hii bila kusimama getini, mahali ambapo karani wa ushuru huyahesabu matenga moja moja, wala hakosei. Kila tunda linaloondoka lina bei yake katika daftari la halmashauri, na chupa iliyolikuza tunda hilo, inayobaki, haimo katika daftari lolote. Mtu angeweza kuandika tafsiri nzima juu ya serikali kwa kulitazama geti hilo tu.

Wakristo wa Uluguru, ambao ni wengi, hasa huko Mgeta na Matombo, wana sura yao ya kuisoma katika jambo hili, nayo ni ya 34 katika kitabu cha nabii Ezekieli. Sura hiyo inajulikana kwa kuwakemea wachungaji waliojilisha wenyewe, wakala mafuta na kuvaa sufu, wala wasilitafute kundi. Na mahubiri mengi yanayoitumia kwa kuwapiga mafumbo watawala huishia hapo, mkutano ukatikisa vichwa kwa furaha. Lakini nabii hakuishia hapo. Akiisha kuwamaliza wachungaji aliwageukia kondoo wenyewe, wale wenye nguvu, akawauliza kama haikuwatosha kunywa maji safi hata wayavuruge kwa miguu yao yaliyosalia, wenzao wakanywe tope. Sijui andiko jingine lililozikusanya hukumu mbili hizi mahali pamoja, na kwa mpango huu: mchungaji alaye kwanza, kisha kondoo achafuaye, wala hukumu ya mmoja haimfutii mwenziwe yake. Anayesema kwamba taka za korongoni ni kosa la halmashauri tu amesoma nusu ya kwanza. Anayesema kwamba wananchi ni wachafu na dawa yao ni faini amesoma ya pili. Na wote wawili wamefunga kitabu mapema.

Tumewahi, katika nchi hii, kuijaribu hali ya kukosa mchungaji kabisa. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata, kwa nia njema ya kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Na miji, iliyokuwa na watu wake wa kuzoa taka na kuzibua mitaro, ikabaki na kamati za mkoa zilizokuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiri. Kabla muongo ule haujaisha kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia, na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Zile za wilaya zikarudi kwa sheria ya mwaka 1982, iliyotuachia mpaka leo kamati hizi za maendeleo za kata na halmashauri za vijiji. Ni jambo la kustahili kukumbukwa kwamba halmashauri zetu za miji zilifufuliwa kwa sehemu na ugonjwa wa uchafu, na kwamba kazi ya kuzoa taka, ambayo madiwani wengi huiona duni kando ya ujenzi wa stendi, ni miongoni mwa sababu za kuwapo kwao.

Na tumeijaribu pia, hapa hapa Uluguru, hali ya mchungaji mwenye fimbo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza, ikihofia mmomonyoko wa udongo na tope lililokuwa likiteremka katika mito, ilianzisha mradi wa kuwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi milimani, kwa amri zilizopitishwa katika mabaraza ya wenyeji na faini kwa mwenye kukaidi. Hofu yao haikuwa ya uongo. Mito ilikuwa ikijaa tope kweli, na wa bondeni walikuwa wakiumia kweli. Ila ngazi zilikatwa hata mahali ambapo udongo wa juu ni mwembamba, zikafukua udongo mbovu wa chini, mazao yakapungua, na mkulima akajiona anafanyishwa kazi ya bure kwa faida ya mtu asiyemwona. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakaja, mtu mmoja akauawa, na mradi ukafa. Huko Mgeta, ambako mboga zilikuwa zikimlipa mkulima, ngazi hazikuchukiwa kiasi hicho, na mtu apitaye leo huziona bado. Ninapowasikia maofisa wa zama hizi wakisema kwamba watu wa milimani hawaelewi ila faini, hunijia fikira kwamba wamezaliwa katika mkoa wenye jawabu wasiloliuliza.

Wako watakaosema kwamba wazee walikuwa na njia bora kuliko sheria zote hizi, na kwamba mahali palipokuwa pa mizimu, katika misitu ya matambiko ya koo za Kiluguru, hapana mtu aliyethubutu kukata mti wala kutupa uchafu. Ni kweli, misitu kadha wa kadha ilisalimika kwa ajili hiyo, na heshima ya pango la Kolelo iliwafikia watu wa mbali sana na milima. Ila naona hoja hii inapewa uzito usio wake. Mzimu ulilinda mahali pake. Haukulinda bonde la ukoo mwingine, sembuse kikombe cha mtu wa Mindu. Na taka za wazee zilikuwa majivu, maganda na makumbi, vitu ambavyo ardhi huvila ikashiba, kwa hivyo wema wao katika jambo hili haukupata kujaribiwa. Tusiwape sifa ya kushinda vita ambavyo havikuwafikia. Ninachokiazima kwao ni kimoja tu, kwamba mahali huheshimiwa pakiwa na mwenyewe anayejulikana, hata akiwa haonekani. Na korongo la leo, lililo la kila mtu kwa mujibu wa sheria, halina mwenyewe hata mmoja kwa mujibu wa mioyo. Aristotle alilalamikia jambo hilo hilo huko Uyunani: kitu cha watu wengi mno hupata uangalizi mchache mno.

Turudi kwa mwenye deni. Nilisema kwamba haki ya mja haifutiki ila kwa kumrudishia mwenyewe. Na mwenyewe, kwa mtupaji wa Mlali, ni kina mama wa Kihonda mjini Morogoro, na mtoto wa Dar es Salaam aliyekunywa maji ya bomba, na pengine mvuvi wa Mindu. Hatawajua hata akiishi miaka mia. Je, toba yake imefungwa? Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikutana na mas'ala haya kwa mlango wa mali: mtu ana mali ya haramu mkononi, anataka kutubu, na wenyewe hawajulikani walipo au ni wengi hawawezi kugawiwa. Jawabu lake ni kwamba mali ile isibaki kwake, wala isichomwe wala kutupwa baharini, bali itolewe sadaka au itiwe katika maslahi ya Waislamu wote, kama madaraja na visima, kwa niaba ya wenyewe, thawabu ikiwa ni yao na si yake. Naona hili ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa yaliyopata kufikiriwa juu ya deni. Asiyejulikana hapotezi haki yake kwa kutojulikana. Haki yake inageuka kuwa ya umma, na umma unaipokea kwa uwakala.

Kwa mizani hiyo, faini inayotozwa kijijini ni nini? Wanasheria watasema ni adhabu, na watunza fedha watasema ni mapato, na kila mmoja ana kifungu chake. Mimi nasema ni amana. Mtu aliyekamatwa na mfuko wake amelipa, kwa kulazimishwa, sehemu ya deni analodaiwa na watu wa bondeni, na halmashauri imeipokea kwa kuwa ndiyo wakili pekee aliyepo wa watu hao wasio na majina. Wakili akiyala malipo ya mteja wake kuna jina lake katika kila dini na katika kila sheria. Faini ya taka ikienda kununua mafuta ya gari la ofisi, au ikiyeyuka katika posho za kikao kilichoitishwa kujadili taka, basi dhuluma ya kwanza imepata ya pili juu yake, na ya pili ni nzito zaidi kwa kuwa yule mama wa korongoni angalau hakujua jina la aliyemdhulumu, ilhali mwenye kupokea anayo risiti yenye tarehe. Faini hiyo haina budi irudi mtoni: ichimbe shimo lenye uzio mbali na maji, imlipe kijana wa mkokoteni kwa kila safari yake, inunue pipa la sokoni na kifuniko chake. Nao mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu husomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu, usomewe fungu hili peke yake, lisichanganywe na mengine, ili aliyelipa akae pale kwenye benchi asikie toba yake imefikia wapi.

Kuna wanazuoni waliosema kwamba kazi za namna hii ni fardhi kifaya, yaani wakiitenda baadhi, wengine husalimika, na ikiachwa, wote huwa na dhambi. Na halmashauri, ukiivua majoho na mihuri, si chochote ila ni mapatano yetu ya kumteua atakayeitenda fardhi hiyo kwa niaba yetu, tukamlipa. Lakini mapatano hayo hayamtoi mtu katika dhima ya kile ambacho yeye peke yake anaweza kukifanya. Hapana halmashauri iwezayo kusimama nyuma ya kila mkulima kijitoni kuhesabu kama amesuuza mara tatu. Hapo mtu amebaki na Mola wake na walio bondeni.

Limesalia fungu moja la watu ambao sijawataja, na katika mabaraza ya vijiji huwa hawatajwi kabisa, nao ni wauzaji wa dawa. Shimo la kijiji linafaa kwa maganda na viroba. Halifai kwa chupa hizi, kwa kuwa sumu iliyofukiwa hushuka katika maji ya chini, na iliyochomwa hupanda katika vifua vya watoto. Chupa yapasa irudi ilikotoka. Kanuni ya fiqhi inasema faida huandamana na dhima, kwamba alaye matunda ya kitu ndiye abebaye hasara yake. Na mwenye duka la pembejeo, na nyuma yake mwagizaji aliyeko mjini, wamekula faida ya dawa mpaka tone la mwisho, wakakiachia kijiji ganda lake. Jambo hili si geni kwetu. Miaka nenda miaka rudi kila mwenye kibanda nchini, hata yule asiyejua kusoma, alimkatalia mteja soda mpaka alete chupa tupu au aweke fedha yake rehani, wala hapakuhitajika mgambo. Na ilikuwa nadra mtu kuiona chupa ya soda nzima imelala mtaroni, maana watoto walikwisha kuiokota. Halmashauri inayo mamlaka ya kuandika sheria ndogo ya namna hiyo kwa maduka ya dawa yaliyo katika mipaka yake, ikataja kiasi cha rehani na siku ya kukusanya. Itakayokuwa ngumu ni gari: nani atazichukua chupa hizo kutoka Mlali na kuzifikisha mahali penye tanuri lililoidhinishwa, na kwa fedha ya nani. Swali hilo lingefaa liwekwe mezani katika kikao cha kwanza cha baraza la madiwani baada ya mavuno, wakati ushuru wa matenga ungali haujagawiwa.